Mpangaji wa Chini: Jinsi ya Kumtafutia Beta Jirani

Beta ni mwenye nyumba mgumu kuliko wote. Nyumba yenyewe ni tangi la lita 40, halina lango wala mlinzi, lakini kila anayepita mbele ya kioo lazima ajieleze. Akiona sura yake mwenyewe kwenye kioo anatunisha mashavu, anakunjua mapezi yote kwa mpigo na kuanza kwenda huku na huku akitafuta ugomvi. Huyu ndiye tunayetaka kumletea mpangaji.

Hamu hiyo inaeleweka. Beta akishazoea nyumba anapenda kukaa juu, karibu na hewa na karibu na mkono unaomlisha. Chini kunabaki mchanga mtupu, gogo moja na kivuli. Mtu wa Meru au Embu aliyelelewa kwenye shamba ambalo kahawa, ndizi, nduma na kuku wanagawana nusu ekari haoni kwa nini nafasi ikae bure. Siku ya tatu anauliza: hapa chini naweza kuweka nini?

Jibu lipo, na ni zuri, lakini kwanza niseme jambo ninaloliamini kuliko mengine yote. Mpangaji wa chini si mfanyakazi wa usafi. Usitarajie samaki akusafishie kinyesi cha mwenzake. Konokono anakula mwani, majani yanayooza na chakula kilichosahaulika, kisha naye anakunya, tena kwa wingi. Ukimchukua ili upumzike kubadilisha maji, utabadilisha maji zaidi ya zamani. Mchukue kwa sababu unataka kumwona akiishi, naye umtafutie chakula chake, maficho yake na wenzake. Ukikubaliana nami hapo, tuendelee.

Kwanza mjue mwenye nyumba. Beta, ambaye wataalamu humwita Betta splendens, asili yake ni Thailand na nchi za jirani, kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga yenye maji ya kina kifupi, vuguvugu, yaliyotulia. Mwaka 2019 Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Kichwani ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa tunayovuta sisi. Ndiyo maana wauzaji humweka kwenye chupa, na ndiyo maana wanunuzi wengi hudhani chupa inamtosha. Haimtoshi hata kidogo. Hewa ile inamzuia asife leo. Haimpi nafasi, haimpi joto, wala haisafishi maji anayokunya ndani yake.

Madume wawili hawakai tangi moja, hilo kila mtu amesikia. Jambo ambalo wauzaji husahau kusema ni kwamba kuna beta mpole na kuna beta katili, na hakuna rangi inayokuambia yupi ni yupi. Inabidi umpime. Chukua chupa ndogo ya kioo kama ile ya jemu, ioshe kwa maji matupu bila sabuni, weka konokono wa dukani ndani yake, kisha itulize sakafuni mwa tangi. Keti kwenye kigoda utazame. Beta atashuka, atatunisha mashavu, atazunguka chupa. Akichoka baada ya dakika chache akarudi juu kutafuta mambo yake, huyo anaweza kuishi na mtu. Lakini akiendelea kugonga kioo kwa mdomo hadi mwisho, mwache akae peke yake. Beta hana upweke kama tunavyoujua sisi, na hakuna deni la kumletea mtu.

Pili, pima sakafu. Watu husema lita, lakini mpangaji wa chini hajali lita za juu ya kichwa chake. Tangi la sentimita 45 kwa 30 kwa 30 lina lita 40, na sakafu yake ni sentimita 1,350 za mraba. Lisimamishe lilelile kwa upande mfupi ili lipendeze pembeni mwa televisheni, lita ni zilezile, lakini sakafu imebaki 900. Umempunguzia mpangaji theluthi moja ya chumba bila kumpunguzia kodi. Ukienda kwa fundi wa vioo, awe wa Gakoromone pale Meru au wa mjini Embu, mwambie unataka tangi refu la kulala, si la kusimama, na kioo cha milimita 5 kitakutosha kwa ukubwa huo. Mwangalie pia silikoni anayotumia. Ile ya kuzibia bafu mara nyingi imetiwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo haichagui kati ya kuvu na samaki. Silikoni tupu hutoa harufu ya siki ikikauka. Usitie maji mpaka harufu iishe kabisa.

Chini ya lita 20, usitafute mpangaji mwenye mapezi. Hapo jibu ni konokono mmoja au wawili, nasi tutafika kwa konokono.

Tatu ni baridi, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wa huku kwetu hupoteza samaki. Mji wa Embu uko kwenye mwinuko wa mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari, na Meru uko juu zaidi. Julai ukungu unapotelemka kutoka mlimani, jua linaweza kukosekana siku nzima, na usiku joto linashuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Maji ya tangi lisilo na hita yanafuata joto la chumba. Beta anataka kati ya nyuzi 24 na 28. Wageni waliolala katika hoteli ya Izaak Walton, Embu, walikuja kuvua trauti kwenye mito ya Mlima Kenya, na hoteli yenyewe ina jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi mwaka 1653. Trauti ni samaki wa maji ya baridi. Mahali anaponenepa trauti, beta asiye na hita anakunja mapezi, anakaa pembeni na kuacha kula.

Kwa hiyo nunua hita yenye kidhibiti joto, wati 50 kwa tangi la lita 40, na kipimajoto cha kubandika upande wa pili wa tangi ili ujue kama joto linafika kote. Stima ikipotea usiku, zungushia tangi blanketi na uache juu wazi kidogo. Maji hupoa polepole, na blanketi hukupa saa kadhaa. Usimwage maji ya chai ndani kwa huruma. Mabadiliko ya ghafla huua kuliko baridi yenyewe.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba kaunti moja ya Embu inahitaji wapangaji wa aina mbili. Aliye Manyatta au Runyenjes, karibu na msitu, anapambana na baridi. Aliye Ishiara au Kiritiri, huku chini Mbeere, anapambana na jua: mchana maji yanaweza kupita nyuzi 28 bila hita kuwaka. Mtu wa juu na mtu wa chini wakinunua samaki yuleyule kwa sababu ni mzuri, mmoja wao atakuwa amekosea. Na kuna tofauti ya maji pia. Maji ya mito ya mlimani ni laini, hayana madini mengi, na gamba la konokono humomonyoka ndani yake mpaka likawa na madoa meupe na mashimo. Maji ya visima vya chini mara nyingi huwa na chumvichumvi, ambayo konokono huifurahia na samaki wengi wa chini hawaipendi. Maji ya bomba yatege kwenye beseni lililo wazi tangu jana yake ili klorini itoke, au tumia dawa ya kuiondoa.

Mchanga ni rahisi, na ni mahali pekee ambapo huna haja ya kuagiza chochote kutoka Nairobi. Malori yanapita kila siku na mchanga wa mto wa kujengea. Omba karai moja kwenye mjengo wa jirani. Upitishe kwenye chekeche ya waya uondoe kokoto, uoshe kwenye ndoo ukiukoroga kwa mkono na kumwaga maji ya tope mpaka yatoke meupe. Kisha chukua kiganja kimoja, udondoshee siki. Ukitoa povu una chokaa, na chokaa inabadilisha maji, tafuta mwingine. Jaribio la mwisho ni la ngozi: usugue nyuma ya mkono wako. Ukikukwaruza wewe, utakwaruza sharubu za samaki anayeishi kwa kutia pua mchangani. Vumbi la machimbo na ballast havifai kwa sababu hiyohiyo.

Panda mimea, weka gogo, weka nusu ya kifuu cha nazi kama nyumba. Majani makavu ya migomba yasiyopuliziwa dawa hufaa sana kwa maficho. Aliye na jamaa Pwani aagizie majani makavu ya mkungu, ambayo wafugaji wa beta kule Asia hutumia. Yanatia maji rangi ya chai na beta anayapenda. Washa chujio, kisha subiri wiki nne hadi sita kabla ya kuongeza mtu. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa kitu chenye madhara kidogo wanahitaji muda huo kujaa kwenye sponji, na maji yakiwa baridi wanachelewa zaidi. Kusubiri huku ndiko watu hawakuwezi, na ndiko kunakoua wengi.

Sasa waombaji waingie, mmoja mmoja.

Wa kwanza mlangoni ni kambare. Yuko karibu, ni wa bei nafuu, ana sharubu, na anakaa chini. Tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo 140 yaliyochaguliwa, vifaranga vya kambare na tilapia vimezoeleka huku mlimani, hadi kiwanda kidogo cha samaki kikajengwa Kanyakine, Imenti Kusini. Kijana atakuletea kifaranga cha urefu wa kidole kwenye kopo na kukuambia, “Huyu pia anapumua hewa, mwalimu, watapatana.” Ni kweli anapumua hewa. Lakini jiulize kambare huwekwa kwenye bwawa la tilapia kufanya nini. Huwekwa kula vifaranga vinavyozidi. Kumla samaki mdogo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na anaifanya vizuri, usiku, kwa kunusa. Akikomaa anaweza kupita urefu wa mita moja. Utaamka asubuhi moja beta hayupo. Mrudishe kambare bwawani, akale na kuliwa huko.

Wa pili ni pleko, yule mwenye mdomo wa kunyonya kioo. Dukani ana sentimita 5 na uso wa upole. Hakuna mtoto asiyempenda. Pleko wa kawaida hukua kupita sentimita 30, yaani atakuwa na urefu sawa na upana wa tangi na hataweza kugeuka. Kinyesi chake ni kingi ajabu. Muuzaji akikuambia kwamba samaki hukua kulingana na tangi, mwambie hapana kwa heshima na uondoke. Samaki aliyebanwa hadumai kwa raha. Anapinda mgongo, anaugua, anakufa kabla ya wakati.

Kaa wa mtoni, ambaye watoto humtoa chini ya mawe ya Rupingazi au Kathita, asifike hata sebuleni. Ana makoleo, beta ana mapezi marefu yanayoburuta, na usiku ni mrefu. Vivyo hivyo kamba wekundu wa Naivasha, waliotiwa ziwani humo mwaka 1970 na asili yao ni Marekani. Mahali walipofika walifyeka mimea ya chini ya maji. Mtu asikudanganye kwamba wanatulia wakiwa kwenye tangi.

Mwombaji wa nne ndiye anayenikosesha usingizi, kwa sababu anapendeza, anapatikana bure, na ana hatari inayomhusu binadamu. Ni konokono wa Mwea.

Ukitoka Embu kwenda Nairobi unapita kando ya skimu ya mpunga ya Mwea, iliyochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa wakati wa Hali ya Hatari. Maji ya Thiba na Nyamindi yanatembea kwenye mifereji, na kwenye kingo zake kuna konokono wa kila sura. Mmojawapo ana gamba bapa lililojikunja kama kamba iliyolazwa mezani, la kahawia, dogo kuliko shilingi. Maduka ya samaki huuza konokono wa ukoo huohuo, na ukiwaweka wawili kwenye kiganja huwezi kuwatenganisha kwa macho. Lakini yule wa mfereji anaweza kuwa Biomphalaria, ambaye ndani yake hukua vimelea vya kichocho cha tumbo. Mwea inajulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani. Konokono aliyeambukizwa hutoa vimelea majini siku baada ya siku, hasa mchana kwenye mwanga, navyo hupenya kwenye ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Mwanga wa mchana, maji ya vuguvugu, na mkono wako mtupu uliokunjwa shati kupanga mimea: hayo ndiyo mazingira ya tangi lako. Usimwokote. Usiokote hata mmea kwenye mfereji, kwa maana mayai yake hukaa chini ya majani kama tone la ute lisiloonekana.

Kisha yuko mkubwa wao, konokono tufaha, Pomacea canaliculata. Huyu asili yake ni Amerika Kusini. Mwaka 2020 alionekana Mwea kwa mara ya kwanza nchini Kenya, na wakulima wakaanza kuona vishada vya mayai ya waridi vimebandikwa kwenye mabua ya mpunga na kingo za saruji, juu kidogo ya maji. Anakula mche wa mpunga ukiwa bado laini, usiku mmoja anaacha pengo. Shamba likikauka anajizika kwenye tope na kungoja maji. Wakulima wanamwokota kwa mkono na kuponda vishada vya mayai yake kimoja kimoja, kazi ya kuinama kutwa nzima. Dukani utamkuta binamu yake, wa dhahabu au wa buluu, mzuri kweli, mwenye bomba refu la kupumulia analolitoa nje ya maji taratibu. Binamu huyo hali mpunga kwa uchu uleule, lakini mimi na wewe hatuwezi kuwatofautisha kwa uhakika, na muuzaji naye hawezi. Anayeishi kwenye mteremko unaoingia Thiba, Rupingazi au Tana asimfuge kabisa. Maji yetu sote yanateremkia kwa mtu anayelima.

Basi, waliofaulu ni akina nani? Si wengi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa tangi la lita 40 lenye sakafu pana na mchanga laini, mpangaji bora ni korydora. Ni samaki mdogo wa Amerika Kusini mwenye sharubu na magamba magumu ubavuni, mpole kupita kiasi, asiye na habari na ugomvi wa juu. Anahitaji wenzake, watano ni wachache, sita ndio mwanzo. Ukiwa na nafasi ya watatu tu, usimchukue, kwa sababu korydora aliyetengwa na kundi hujificha na kuacha kula. Watazame wakila: mmoja anatia pua mchangani hadi macho yanazama, mashavu yanapepea, na mchanga unatoka nyuma ya kichwa kwa vumbi jembamba, kisha anasogea nusu hatua na kurudia. Mara kwa mara mmoja anapaa hadi juu kama risasi, anameza hewa na kurudi chini. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Ana utumbo unaoweza kunyonya hewa. Beta hushtuka mara za kwanza, halafu huzoea. Kwa watu wa Manyatta, Nkubu na Meru mjini, chukua korydora panda, mweupe mwenye madoa meusi machoni, anayeridhika na nyuzi 24, mahali ambapo beta pia anaridhika. Kwa watu wa Ishiara, korydora sterbai anastahimili joto zaidi.

Kuhli naye ni wa joto, na kwa Mbeere ndiye ningemchagua kabla ya wote. Ni mwembamba, mrefu wa sentimita 8 hadi 10, mwenye mikanda ya njano na kahawia, na kazi yake ni kujizika. Utanunua watano na utaona mmoja, labda wawili, jioni taa ikizimwa. Mtu anayetaka samaki wa kuonyesha wageni atakata tamaa. Mtu mwenye subira atapata raha ya kuona kichwa kimoja kikichungulia chini ya gogo kwenye mwanga wa mwisho wa jioni. Funika tangi, na funika hata tundu la waya wa hita, kwa sababu anatoka.

Oto, yule mdogo wa kunyonya majani, simpendekezi kwa anayeanza. Anahitaji tangi la zamani lenye mwani wa kutosha, na wengi hufika kutoka safarini wakiwa na njaa kiasi kwamba hawapoi tena. Kamba wadogo wa rangi huishi na beta mpole kwenye mimea mingi. Kwa beta katili wao ni chakula cha jioni cha bei ghali.

Na konokono? Nunua dukani, kutoka kwa mtu anayezalisha mwenyewe kwenye matangi. Nerita ni mzuri kwa lita 20: anasugua kioo, na mayai yake hayaanguliwi kwenye maji ya tangi yasiyo na chumvi, kwa hiyo hatajaza nyumba. Atakuachia tu vidoa vyeupe kwenye gogo ambavyo havitoki. Kwa maji yetu laini ya mlimani, weka kipande kidogo cha ganda la yai lililochemshwa na kusagwa, au jiwe la chokaa, ili gamba lake lipate nguvu. Umeona jinsi kitu kilichokuwa kosa kwenye mchanga kinavyokuwa dawa kwa konokono; weka kidogo, pima maji, usimwage gunia.

Siku ya kuhamia, zima taa. Panga upya gogo na mimea kabla, ili beta naye aamke mgeni katika nyumba yake mwenyewe na asijue mipaka ya jana ilikuwa wapi. Kabla ya siku hiyo, mgeni awe amekaa kwenye ndoo yenye hita na sponji kwa wiki mbili, tatu, ukimchunguza madoa meupe au mapezi yaliyochanika; ugonjwa uliotoka dukani usiwamalize wote wawili. Kisha mwachie ndani usiku. Kaa karibu saa ya kwanza ya asubuhi. Kufukuza kidogo ni kawaida. Kufukuza kusikoisha, mapezi yaliyoraruka, mpangaji aliyebanwa kwenye kona ya juu badala ya chini: mtoe siku hiyohiyo, usingoje Jumapili. Weka ndoo ya akiba tayari kabla ya kununua, si baada.

Chakula ndicho kinachosahaulika zaidi. Beta akishiba haimaanishi chini wameshiba. Mlishe yeye kwanza, upande mmoja wa tangi, punje mbili tatu juu ya maji. Akiwa anatafuna, dondosha tembe inayozama kwenye kona nyingine, nyuma ya gogo. Bora zaidi, ifanye kazi hiyo baada ya kuzima taa, kwa maana beta hulala na kuhli huamka. Beta mlafi atashuka kuiba tembe, atavimba tumbo na kuelea ubavu. Ukiona hivyo mnyime chakula siku moja na upunguze cha chini. Vipande vya tango au maboga yaliyochemshwa vinamfaa konokono, lakini vitoe kesho yake asubuhi kabla havijaoza.

Kila wiki toa robo ya maji, uvute uchafu kwa mpira juu ya mchanga bila kuuchimba wote, urudishe maji ya joto lilelile. Maji hayo ya zamani yana mbolea. Yamwage kwenye shina la mgomba au kwenye sukuma wiki, nyuma ya nyumba, mbali na mtaro unaoingia mtoni. Yapitishe kwanza kwenye kitambaa cha kuchujia chai, na vikonokono vitakavyobaki humo wape kuku.